Mwalimu Pawlina Sciriha Aaga Darasa la Kwanza

Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, Mwalimu Pawlina Sciriha anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kuwafundisha watoto wa kijiji hiki kusoma na kuandika Kiingereza. Shule amefundisha moja tu, hii yetu. Wakuu wa shule amewaona sita, na wote, kwa nyakati tofauti, wamemwomba aegeshe gari lake vizuri.

Alianza mwaka 1985, akapewa darasa la nne. Watoto wetu wamezoea Kimalta, ambacho kwa sehemu kubwa husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo Kiingereza huwaudhi kwa herufi zake zinazoandikwa bila kutamkwa. Pawlina hakukitetea. "Ni kweli, kinaudhi," aliwaambia. "Sasa tuendelee." Aliwatoa nje wakasome mabango ya maduka. Wiki hiyohiyo kinyozi Grezzju alikuja shuleni amenuna, maana watoto walikuwa wamepanga foleni dukani kumweleza kuwa bango lake lina kosa. Pawlina alimjibu kwamba aliwafundisha kusoma, hakuwafundisha kufumba macho. Bango lilirekebishwa.

Mimi nilifika mwaka 1994 nikiwa mwalimu mpya, nikaketishwa nyuma ya darasa lake nijifunze kazi. Mwaka huo alikuwepo Ritienne Bugeja, binti wa muuza pastizzi, zile sambusa zetu za jibini, msomaji aliyesifiwa kuliko wote. Sauti yake ilipanda na kushuka panapostahili. Siku moja aligeuza kurasa mbili kwa pamoja bila kujua, akaendelea kusoma, neno kwa neno, ukurasa ambao hakuufungua. Kumbe dada yake alikuwa akimsomea kitabu nyumbani, naye akikishika chote kichwani. Pawlina alimwacha amalize, akamshukuru, akamwambia abaki kidogo baada ya kengele. Kuanzia siku hiyo walirudi kwenye herufi.

Tatizo ni kwamba mkaguzi alikuwa njiani, na Mkuu wa wakati huo, Lonzu Cutajar, alikwisha kumchagua Ritienne asome mbele yake. Nilikuwepo katika chumba cha walimu.

"Hasomi bado, Mkuu," Pawlina alisema. "Anakariri."

"Basi akariri. Mkaguzi atajuaje?"

"Hatajua. Ila mtoto anajua."

Mkuu alisema mazungumzo yamekwisha. Pawlina akaenda kumuuliza mtoto mwenyewe anataka nini. Ritienne alifikiri, akasema anataka kusoma, ila polepole, na wasimcheke.

Walimcheka. Alisimama na kitabu ambacho hakuwahi kukiona, akasoma sentensi mbili kwa muda ambao ungetosha kuchemsha chai. Kwenye neno "knee", yaani goti, aliitamka ile k ya mwanzo isiyotamkwa, akarudi nyuma, akalisema sawasawa. Mkaguzi alitazama saa. Mkuu alitazama sakafu. Pawlina alimtazama mtoto tu.

Ripoti ilisema usomaji wa darasa la nne unasuasua. Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, Pawlina alikuta amepangiwa darasa la kwanza, jambo ambalo siku zile lilihesabiwa kuwa adhabu. Hakulalamika. Ċensina, mama yake Ritienne, aliacha kumsalimu kwenye ngazi za kanisa, akisema mwalimu amemwaibisha mwanawe. Miaka mingi baadaye Pawlina aliniambia kwamba hilo ndilo lililomuuma. La Mkuu alilisahau upesi. Siku yake ya kwanza kule chini watoto walilia wakiwataka mama zao, na yeye akalia. "Tukamaliza," alisema, "tukanawa uso, tukaanza na herufi A."

Ritienne aliendelea kumfuata baada ya masomo, akikaa kwenye vile viti vidogo kama mtu aliyekunjwa, na ilipofika Krismasi alikuwa anasoma chochote utakachomwekea. Leo ni fundi wa lifti mjini Valletta, na vitabu vya mitambo husoma yeye, wenzake wakisikiliza. Mama yake hakuwahi kuomba radhi. Lakini kitinda mimba wake alipofikia umri wa kuanza shule, mama huyo alikuja ofisini akamwambia karani: "Kwa Pawlina. La sivyo nampeleka kijiji cha pili."

Wakuu waliofuata walimtaka arudi darasa la nne. Alikataa kila mara, akidai kwamba huko juu kuna ngazi nyingi. Alibaki darasa la kwanza hadi leo. Wengi wetu katika chumba cha walimu tulijifunza kazi tukiwa tumeketi nyuma ya darasa lake, na wawili kati yetu walijifunza kusoma wakiwa wameketi mbele.

Baada ya kengele ya mwisho tutakunywa chai pamoja naye. Ameomba hotuba ziwe fupi, na waliozoea kuzirefusha wamekwisha kuonywa. Jumatatu anaanza kujifunza kuogelea, maana hajui, jambo ambalo kwa mtu aliyezaliwa kisiwani amelificha vizuri sana. Tunasikia kwamba amemuuliza mwalimu wake, kabla ya kukubali, kama ana subira.

Pawlina, asante kwa kazi yako na kwa ukaidi wako. Afya iwe njema, asubuhi zako ziwe ndefu, na maji yakupokee vizuri.