Risala ya Wakazi wa Kisimani Juu, Zinga, Kuhusu Kipilefti cha Bi Chausiku

MAKARIBISHO
Mgeni rasmi, Profesa Adila, mkuu wa kitivo cha mipango miji, assalaam alaykum. Sisi wakazi wa Kisimani Juu tunakupokea kwa furaha kubwa. Pole kwa kuzungushwa kabla ya kufika jukwaani. Sababu utaisikia.

HISTORIA
Mwaka jana wanafunzi wako waliketi nasi mkekani wakatuuliza tunataka nini. Hatukuwahi kuulizwa. Tukasema barabara. Wakaichora, wakapigilia vigingi vyekundu mchangani, wakatuomba tuishi kana kwamba barabara ipo, nao watutazame.

Nyumba ya mjane mmoja, Bi Chausiku, ilikuwa katikati. Kiongozi wao, Najim, alimwendea kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Tunaomba barabara ipite hapa."

"Marahaba mwanangu. Nyumba hii kaijenga marehemu mume wangu. Sihami."

"Basi itakuzunguka."

"Na izunguke."

Ndivyo tulivyopata kipilefti. Wanafunzi wakaondoka. Hatukuambiwa kama utafiti umekwisha, na sisi si watu wa kuharibu utafiti wa wenzetu.

MAFANIKIO
Kila mtu anazunguka kwa kushoto, hata mwenye kuni kichwani. Hatujapata ajali ya gari. Gari la kwanza kufika ni lako.

CHANGAMOTO
Mwenyekiti wetu, Mzee Mwinyijuma, alitangaza kwamba kukatiza kipilefti ni kosa. Bi Chausiku tukawa tunamjulia hali kwa kupaza sauti.

Ikaja harusi ya binti yake, Nadhira. Bwana harusi, Abuu, alitoka Kiwangwa na watu wake, dufu zinalia, mananasi kwenye sinia. Mwenyekiti akawapokea: "Kushoto, waungwana! Zungukeni!" Wakazunguka mpaka waimbaji wakakauka sauti.

Abuu akasema, "Mzee, mlango si ule pale? Mbona nauona?"

"Kuuona unauona, lakini haumo kwenye mchoro."

Shehe alichoka, akaomba kiti, akaketi barabarani. Baiskeli zikaanza kumzunguka na yeye.

Nadhira alilia dirishani. Tulimsikia sote, Mgeni rasmi, na tukaendelea kuzunguka. Hilo tunalisema kwa aibu.

Ndipo Bi Chausiku alipotoka na jembe. Akang'oa kigingi, akakitupa miguuni pa Mwenyekiti. "Niandikie kosa langu. Mkwe wangu, ingia ndani."

Abuu akaingia, ndoa ikafungwa. Pilau ililiwa na wote, na Mwenyekiti aliongezwa mara mbili. Asubuhi, tukiwa tungali tumeshiba, tulikirudisha kigingi mahali pake.

MAOMBI
Tuliandika ombi moja tu: utuambie utafiti umekwisha, ili tung'oe vigingi vyote. Jana tulimsomea Bi Chausiku kwa sauti kubwa kutoka ng'ambo ya barabara. Akakataa.

"Nadhira kaenda kwa mumewe," alisema. "Zamani mlipitia kule nyuma, mwezi unakwisha sijaamkiwa. Sasa haendi mtu dukani bila kunizunguka, na kila anayenizunguka hunisalimu. Mkiving'oa, nani atanipitia?"

Tulitazamana. Mwenyekiti alijifanya anakohoa.

Kwa hiyo ombi lile tumelifuta. Vigingi vibaki. Tunaomba tu wataalamu wako waongeze kwenye mchoro njia ndogo, ya mtu mmoja, itokayo barabarani mpaka mlangoni kwake. Lami hatuitaki. Wakikosa nafasi ya kuichora, tunaomba ruhusa tuikanyage wenyewe, kuanzia leo, risala hii ikishasomwa.

Mwenyezi Mungu akupe afya na akurudishe salama kwa wanao.

Ni sisi wakazi wa Kisimani Juu. Imesomwa na Sabiha, katibu, jirani wa Bi Chausiku mlango kwa mlango, ambaye hajaingia kwake tangu siku ya harusi.