Mfereji Wangu Kwenye Mafunjo

Bwana asifiwe, wapendwa. Wenyeji wetu wa Buhare, na nyie wenzetu wa Bunda na Butiama, nawasalimu. Mimi natoka Suguti. Nimeombwa nieleze jinsi kikundi chetu cha kanisa kilivyookoa chemchemi. Nitaeleza, lakini lazima nianze na aliyeikausha. Ni mimi.

Chekeni tu, ndugu zangu. Mimi nilikuwaga nakata mafunjo ya kusuka mikeka, kwa hiyo kile kinamasi chetu nakijua njia zote. Mwaka ule wa jua kali mahindi yalinikaukia shambani, nikakumbuka udongo mweusi wa kule ndani, ambako watu hawafikagi. Nikafyeka kipande. Maji yakanisumbua, nikachimba mfereji wa kuyatoa, nikapanda kabichi. Nikapanga nikiulizwa pale sokoni Musoma zimetoka wapi, niseme kwa dada yangu.

Sasa, mteremkoni chini ya kinamasi ndipo ilipo chemchemi ya kijiji, inategemea maji yake. Kuna jiwe pale katikati, siku zote maji yanalifunika. Nikaanza kuliona mgongo. Wiki iliyofuata likawa limetoka lote. Nikajiambia nikivuna tu, naziba. Niliogopa, lakini kabichi zilikuwa zimeshafunga vichwa.

Kikundi kikaamua kukagua kinamasi chote, kijue maji yanapotelea wapi. Na nani anajua njia? Wakaniweka mbele. Ndugu zangu, nawaambia, niliwazungusha wale watu upande wa pili mpaka miguu ikachanika. Hawakuona kitu. Wakanishukuru kwa kujitolea, na mimi nikaitikia.

Chemchemi ikabaki tope. Watu wakaanza kwenda ziwani, na kule kwetu ziwani kuna mamba. Mkamwana wangu alikuwa mjamzito, miezi saba. Kila akibeba ndoo, mimi siwezi kukaa. Nafagia palipofagiliwa, nasimama njiani, narudi. Nikamwambia nitakuwa naenda mimi, akakataa, akasema mama umezeeka, pumzika.

Siku moja akakawia. Wenzake walikuwa wamesharudi, yeye bado. Nikatoka mbio bila viatu. Nilimkuta njiani, gauni limelowa mpaka kiunoni, mikono mitupu. Akasema, "Mama, nimeiacha ndoo. Mamba alikuwa karibu na mguu wangu. Usinitume tena kule."

Mimi sikumtuma kwa mdomo. Mfereji wangu ndio uliomtuma. Nilimshika mkono tukarudi, na njia nzima sikuweza kumtazama usoni.

Jumamosi kikundi kilikutana. Nilisimama kabla hata hawajamaliza maombi, maana nilijijua, nikikaa nitanyamaza. Nikasema, "Maji nayamwaga mimi. Nina mfereji kule ndani, nina kabichi. Siku ile niliwapoteza makusudi."

Nilingoja matusi, nilingoja nifukuzwe. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mkali sana, akasimama. Akasema, "Jembe lako unalo? Haya, tangulia tena. Safari hii utupeleke penyewe."

Walizing'oa zile kabichi mbele yangu, nami nikang'oa. Tukaziba mfereji kwa magunia ya udongo, tukarudishia vipande vya mizizi ya mafunjo, kimoja kimoja. Kumbe kuharibu ni kazi ya siku mbili, kutengeneza ni miezi! Maji hayakurudi mwezi ule, wala uliofuata. Wanaume walijipanga zamu kuwasindikiza wanawake ziwani, na mimi nikawa nakwenda nao kila safari. Mvua zikaja, mafunjo yakashika. Asubuhi moja nikakuta jiwe limelowa upande mmoja. Nilikaa chini nikalia.

Nawashukuru wanakikundi kwa kunipa jembe badala ya mawe. Namshukuru mkamwana wangu, yule pale nyuma, na mjukuu wangu anayevuta kitambaa cha benchi. Nilipomweleza mama yake yote, siku tatu alijipikia peke yake, halafu akaniletea chai.

Kama yupo humu mwenye mfereji wake aliouficha, namwomba aseme leo. Asingoje avune. Mimi nilingoja kabichi, nikakaribia kumzika mtu.

Sijapona ile hofu, siwadanganyi. Kila asubuhi kabla ya chai napita chemchemini kuangalia jiwe. Leo pia nimepita kabla sijapanda gari la kuja huku. Lilikuwa limefunikwa. Kesho nitapita tena.