Siku Nne Makao Makuu

Saa kumi na moja jioni birika la kahawa lilishafika kijiweni, pembeni ya kibanda cha Fundi Saa, na mwenyewe alikuwa kakaa katikati ya benchi kama balozi. Alikuwa ametoka makao makuu, ule mji mpya uliochorwa kwanza kwenye karatasi ndipo ukajengwa. Alikaa siku nne kwa binti yake, karani aliyehamishiwa huko na wizara.

Aliwasimulia wenzake alivyotoka asubuhi kununua mkate. Maduka yana mtaa wake, nyumba mtaa wake, na katikati kuna mizunguko ya barabara inayofanana kama mapacha. Akampita mtunza bustani akimwagilia maua. Akampita tena. Mara ya tatu yule bwana akamkaribisha mtaani, akidhani kahamia. Fundi Saa alirudi na mkate wake saa sita, binti kashakunywa chai kavu na kwenda kazini.

— Na barabara? akauliza Injinia, ambaye maishani kajenga mabanda mawili ya kuku.

— Pana. Unaanza kuvuka kijana, unafika ng'ambo una mvi.

Injinia akaeleza kwamba upana ule ni wa ndege kutua, siku uwanja ukijaa. Meja, mlinzi mstaafu, akakataa katakata: mchoraji aliandika futi, mafundi wakajenga mita. Injinia akaona amezidiwa, akapanda juu zaidi. Watu wenyewe, alisema, bado hawajaletwa. Taa za madirishani huwashwa na karani mmoja mwenye swichi.

— Basi karani huyo ni mwanangu, akasema Fundi Saa, na benchi zima likacheka.

Muuguzi wa zahanati, mgeni mtaani, alikuwa amesimama hapo akisubiri saa yake itiwe betri. Alicheka nao, kisha akauliza kwa upole:

— Na huyo binti, baba, jioni anaongea na nani?

Injinia akatazama kikombe. Meja akakohoa. Siku zote nne Fundi Saa alikuwa akimsimulia binti habari za kijiweni mpaka mtoto wa watu anasinzia. Hilo hakuwahi kumwuliza.

Akasogea kando, akapiga simu.

— Baba? Kuna msiba?

— Hakuna. Nimekupigia tu.

Binti akaanza, taratibu, habari za bosi wake, za jirani asiyeitikia salamu. Fundi Saa akaegemea ukuta. Kahawa iliisha, wenzake wakaaga kwa mikono na kuondoka, naye bado yuko pale pale.

— Ehe, alikuwa akisema. Halafu?