Aliyejua Rangi za Kuku Tu

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi seremala. Alisoma hadi darasa la nane, akaongeza kozi fupi ya mifugo, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Kazi yake ilikuwa kuku chotara. Tusimnyime haki yake: rangi za manyoya alizijua. Mwaka 1983 mteja alimjia juu, kifaranga mweupe mkononi.

"Umeniuzia jogoo mweusi na tetea mweusi. Huyu katoka wapi?"

Marehemu alicheka. "Wote wawili wamebeba weupe uliojificha. Kila mmoja katoa wake, ukakutana. Tetea wako hana kosa."

Mteja akaenda zake ameridhika. Marehemu aliisimulia habari hiyo maisha yake yote, kifua mbele kama profesa.

Alifunga ndoa mwaka 1976, wakajaliwa wavulana wawili. Mwaka ule ule wa kifaranga akazaliwa binti, mweupe kuliko wazazi wake. Marehemu alimtupia jicho mara moja.

"Huyu wa nani?"

"Si wewe unayewafundisha watu?" mkewe akamjibu.

"Mimi nazungumzia kuku!"

Dada yake, ambaye ndiye aliyeombwa kuandika wasifu huu, na familia imeshaambiwa ivumilie, alimkumbusha rangi ya bibi yao mzaa baba. Marehemu akasema hayo ni ya kale. Mtoto alipoachishwa ziwa, akampeleka kwa dada huyo, akamtua mlangoni kama mzigo wa watu. Mkewe alibaki kwa ajili ya wavulana, akimlilia binti yake katikati ya trei za mayai.

Mwaka 2019 figo zilimwangusha. Wavulana walituma salamu. Aliyempeleka kusafishwa damu, akamwogesha na kumlisha, ni binti yule, fundi cherehani. Marehemu akamwita "nesi" tu.

"Huyu ni mwanao!" dada yake akamkaripia siku moja.

Marehemu akageukia ukutani. Hata aibu aliionea uvivu. Alifariki tarehe 11 Juni mwaka huu, asubuhi, binti kamshika mkono.

Ameacha mjane, dada, wajukuu watano na watoto watatu. Watatu. Aliyezoea kusikia wawili, ahesabu upya hapa hapa kaburini.

Mungu ampumzishe. Na aliowanyima amani, waipate sasa.