Bi. Felicitas Kokulinda na Fahali Aliyekosa Mlaji

Bi. Felicitas Kokulinda anastaafu tarehe 31 Desemba 1999, baada ya kuitumikia serikali kwa miaka ishirini na saba. Wageni waalikwa mtakaokuta samaki sato mezani badala ya pilau ya nyama mliyoahidiwa kwenye kadi, tafadhali msimnung'unikie mpishi wetu Dorotea. Maelezo yote yamo humu.

Alianza kazi Misungwi mwaka 1972 akiwa mkaguzi wa nyama. Nyama iliyofaa aliigonga mhuri wa wino wa zambarau, na aligonga haraka bila kutazama mara mbili. Siku moja mwenye bucha alisahau mkono wake juu ya paja la ng'ombe, na kwa wiki nzima akawa anapita sokoni akiwa amekaguliwa na kuonekana anafaa kuliwa. Mkewe alikuja ofisini kuuliza kama serikali ina mpango wowote naye.

Ilipofika miaka ya ruksa, kila kitu kikaanza kuingia nchini: mitumba, soseji za kopo, hata maji ya chupa kwa watu wanaoishi kando ya ziwa. Wakubwa wakahofia kwamba wanyama waliotengenezwa na wataalamu nao wako njiani. Ikaanzishwa Ofisi ya Idhini na Lebo za Wanyama wa Kitaalamu hapa Mkolani, na Bi. Felicitas akawa mkuu wake. Kwa miaka miwili hatukuwa na mnyama hata mmoja wa kuidhinisha. Tulikunywa chai na kumtania kwamba Mhaya akipewa ofisi tupu huijaza Kiingereza. Yeye alijibu kwamba Msukuma akipewa ofisi tupu huuliza ng'ombe watalala wapi. Na kweli, mwaka 1995 ng'ombe akaja.

Alikuwa fahali mwekundu wa kampuni moja ya kigeni iliyokuwa na shamba la majaribio. Wataalamu wake walikuwa wamemtia mbegu ya urithi ya kamongo, yule samaki anayejifukia matopeni maji yakikauka na kungoja mvua, ili tupate ng'ombe asiyeogopa kiangazi. Walifanikiwa kupita kiasi. Kiangazi kilipoanza, fahali alijifukia kwenye tope zikabaki pembe tu, akalala mpaka vuli. Kampuni ikafungasha virago, ikatuachia mnyama pamoja na ombi la kumuidhinisha kuwa chakula. Tukamwita Mgeni. Siku ya tatu tulimpa jembe la kukokota, kama methali inavyoagiza, naye akalilalia.

Kanuni ilisema mtu yeyote asimle Mgeni kabla hajaidhinishwa. Kanuni iliyofuata ilisema haidhinishwi mpaka kamati imle kwanza na kueleza inavyojisikia. Bi. Felicitas aliandika makao makuu kuuliza ianze ipi, na jibu likachukua miaka minne. Kila Krismasi mimi, Maige, nilinoa kisu changu nikapita nacho mbele ya dirisha lake, na kila Krismasi alitikisa kichwa. Jioni alimletea yule mnyama maganda ya ndizi kutoka nyumbani kwake, akamgombeza kwa Kihaya juu ya uvivu wake, kisha akamkuna shingo. Alimpenda, na sote tulijua.

Novemba mwaka huu makao makuu yakajibu kwamba ofisi inafungwa, hivyo mkuu aamue kabla ya kustaafu. Akikataa, mnyama auawe na kuzikwa kwa chokaa. Akikubali, aliwe. Bi. Felicitas hakuonekana kazini siku mbili. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akakaa mezani, akagonga mhuri: anafaa. Sisi tulishangilia bila haya, na Dorotea akaagiza viungo vya pilau kwa ajili ya sherehe hii.

Lakini idhini haikamiliki bila lebo, na lebo, kwa mujibu wa kanuni, sharti imweleze mlaji kila anachohitaji kujua kabla ya kula. Bi. Felicitas akatuuliza watu wa huku kwetu huuliza nini kabla ya kula. Hakuna aliyetaja kemikali. Watu huuliza mwiko. Basi akatangaza sokoni kwamba kila mwenye mwiko aje auandikishe.

Walikuja. Ukoo usiokula kamongo ulitangulia, ukafuatiwa na ukoo usiokula ng'ombe mwekundu. Akina mama wa vijiji vya kando ya ziwa walisema kwa mila zao mwanamke hagusi kamongo, hata kamongo mwenye pembe. Wasabato walikataa upande wa samaki, na katekista mmoja mkali akakataza upande wa ng'ombe kwa siku za Ijumaa, na leo ni Ijumaa. Shehe aliuliza kwa upole kama achinjwe au avuliwe, akaandikisha swali lenyewe. Fundi seremala wetu, Mihayo, aliongeza mbao mpaka lebo ikawa pana kama mlango, ikabidi aitie bawaba.

Nilikwenda kuisoma nikiwa na kisu mkononi. Kumbe mama yangu alikuwa ametoka Misungwi asubuhi ile ile kuandikisha kwamba ukoo wake hauli mnyama anayelala matopeni, na watoto wake wakiwemo. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia tangu utotoni, alisema nani angedhani itafika siku ya kuhitajika. Dorotea alijikuta kwenye ubao wa pili, na Mihayo wa tatu. Aliyebaki nje ya lebo ni Bi. Felicitas peke yake, kwa kuwa kwao Muleba hawana mwiko hata mmoja kati ya hiyo, naye akasema hakulelewa kula peke yake huku watu wanamtazama. Jalada likafungwa hivi: anafaa kuliwa, mlaji hakupatikana.

Kwa desturi, mstaafu wetu hupewa godoro. Mwaka huu tumempa Mgeni, maana serikali haina kazi na chakula kisicho na mlaji. Bi. Felicitas alipokabidhiwa kamba alilia mbele yetu sote, na mimi nilijifanya natazama ziwa. Kesho wanavuka Kigongo kwenda Muleba, iwapo karani wa kivuko hatabishana kama huyu analipiwa nauli ya ng'ombe au ya samaki. Kisu changu nimekitumia asubuhi hii kumkatia majani ya njiani.

Asante, Bi. Felicitas, kwa mhuri wako na kwa uvumilivu wako kwetu wenye njaa. Kiangazi kikianza, mfunike vizuri. Tunawatakia maisha mema, nyote wawili.