Pazia la Mama Mkwe

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja mnene alimfunulia jirani yake, muuguzi aliyevaa sare, jarida la mitindo. "Mwenzangu, wameandika 'Nguo za bei poa kwa wanawake wenye miili.' Mwili wenyewe uko wapi hapa?"

Muuguzi akamkagua mwanamitindo, mwembamba kama ufito. "Labda umeachwa na basi."

"Na hiyo bei poa ni kodi yangu ya nyumba!"

Mimi nilijifanya nasoma simu, ambayo ilikuwa imezimika.

"Ila gauni lako limekukaa," muuguzi alisema akifuta machozi ya kicheko. "Mshono umeutoa jarida gani?"

"Jarida? Hili ni pazia la mama mkwe. Mpaka leo analitafuta."

Basi likasimama. Mama akashuka, jarida akaliacha kitini, na sisi wote tukabaki dirishani tukilitazama pazia likivuka barabara kwa maringo.