Neno Ambalo Rais Temirkul Hakuwahi Kuuliza

Temirkul mwana wa Sarybai, Rais wa Jamhuri yetu ya Milimani, amefariki. Nyumbani kwake maneno hayo bado hayajakubali kukaa masikioni. Jumanne asubuhi alikuwa mlangoni akigombana na kifungo cha koti. Leo Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 1957, mmekuja kumzika. Mkewe Uulkan amekwisha kumtengea chai mara mbili bila kujua anafanya nini.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1908 kwenye makazi ya majira ya baridi ya baba yake, juu ya Kochkor, mtoto wa pili wa Sarybai na Batma. Akiwa na miaka minane alivuka milima kwenda Uchina pamoja na waliokimbia askari wa mfalme wa Warusi, na ndugu yake mkubwa akabaki kwenye theluji ya njiani. Walirudi mwaka 1918, Warusi walipoondoka na nchi hii ikajitawala. Alizoea kusema kwamba alikwenda mkimbizi akarudi mwananchi, na kwamba viatu vilikuwa vile vile.

Alisoma kwa mullah wa Kochkor, kisha akaingia chuo cha walimu cha Pishpek, akamaliza mwaka 1928. Mama yake alimshonea mfuko ndani ya koti wa kuwekea kuruti, yale matonge magumu ya jibini, asishinde na njaa darasani. Mfuko huo hakuuacha maisha yake yote. Hata alipokuwa Rais, wabunge wakimpigia kelele, yeye alitia kuruti mdomoni akaanza kuimumunya, na hakujibu mpaka iishe. Wengi walichoka kabla yake.

Alioa Juni 1929. Magazeti yameandika kwamba yeye na Uulkan walipendana malishoni. Si kweli, na Uulkan hataki uongo huo uingie kaburini pamoja naye. Uulkan binti Jumash alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa amepata nafasi katika shule ya wasichana ya Pishpek, aanze vuli ile, na baba yake alikwisha kumshonea mkoba wa sufu. Temirkul alimwona kwenye karamu mara moja. Siku chache baadaye alimkuta mtoni akiteka maji; Temirkul na marafiki zake watatu wakampakia juu ya farasi wa rafiki yake Mukai, wakaondoka naye huku akipiga mayowe.

Kwenye hema la kina Temirkul, wanawake walikuwa wamemwandalia kitambaa cheupe cha bi harusi. Alikitupa mara tatu. Ndipo Batma, mama mkwe mtarajiwa, akalala chini, akauziba mlango kwa mwili wake.

"Haya, niruke uende kwenu," alisema. "Sikushiki. Lakini ukimruka mama aliyezaa, mwanangu, usije ukashangaa tumbo lako likikauka."

"Inuka, mama. Chini kuna baridi."

"Baridi ni yangu. Wewe angalia mguu wako."

Nje farasi walikuwepo, na njia aliijua. Hakuna msichana wa kwetu aliyelelewa vizuri anayeweza kumruka mama mtu mzima. Uulkan alisimama pale mpaka jua likapinduka, kisha akainamisha kichwa akafungwa kitambaa. Temirkul alikuwa nje muda wote akishika hatamu. Hakuingia mpaka mambo yalipokwisha. Ule mkoba wa shule, Jumash aliuleta mwenyewe, na ukatumika kuwekea chumvi.

Walijaliwa watoto wanne. Hakumpiga wala hakumtukana hata siku moja. Hilo ni haki kusemwa.

Alifundisha shule mjini Naryn, akaingia baraza la mkoa mwaka 1938, na mwaka 1949 mlimchagua kuwa Rais. Alirudisha malisho kwa wachungaji. Alituma waganga wa chanjo wakiwa juu ya farasi mpaka mabonde ambayo hayakuwahi kuona sindano. Alifungua shule za wasichana, na masomo ya jioni kwa wanawake ambao hawakusoma. Lile darasa la kwanza, Uulkan ndiye aliyekata utepe. Hotuba aliikariri kwa kusomewa. Mwandishi mmoja alimwomba asome kibao cha mlangoni kwa ajili ya picha, naye Uulkan akasema jua linamuumiza macho.

Mwaka 1951 alipeleka bungeni sheria ya kuwafunga wanaopora wasichana. Uulkan aliketi juu, kwenye viti vya wageni. Mukai, wakati huo mbunge, alisimama huku akicheka.

"Temirkul, ndugu yangu! Yule farasi aliyembeba shemeji alikuwa wa nani vile? Si wangu? Basi tufunge sote, tukacheze karata gerezani!"

Bunge zima lilipasuka kwa kicheko. Rais alimumunya kuruti yake mpaka ikaisha.

"Farasi alikuwa wako," alisema. "Sasa keti, tupige kura."

Sheria ikapita, na mabinti wengi waliopo hapa leo wamesoma kwa ajili yake. Lakini hakuinua macho kutazama vile viti vya juu, na nyumbani jioni ile alizungumzia hali ya hewa.

Hakuugua. Jumanne alikwisha kuingia garini, akateremka, akarudi akasimama kwenye kizingiti.

"Uulkan, jioni nina neno la kukuuliza."

"Uliza sasa."

"Si la kuulizwa wima. Ni la zamani."

"La zamani lipi? Umri wote huu umeketi, ulikosa nini, mkeka?"

Akacheka, akatikisa kichwa, akaondoka. Kabla ya adhuhuri, kikaoni, aliinamisha kichwa mezani. Walidhani anasinzia, wakaendelea kubishana. Moyo ulikuwa umesimama. Alipoletwa nyumbani, mfuko wa ndani ulikuwa bado na kuruti mbili.

Ameacha mjane, Uulkan, wana wawili, Ishenkul na Toktosun, mabinti wawili, Burulcha na Ainek, wote wawili walimu, wajukuu watano, na mama yake Batma, ambaye tangu Jumanne anaomba afe yeye.

Muda si mrefu, kabla ya sala, Ishenkul atasimama kama ilivyo desturi na kuuliza: baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, na nani anamdai? Mtajibu kwamba alikuwa mtu mwema, na mtakuwa mmesema kweli. Uulkan hatakuwepo kati yenu. Atakuwa hemani, ameelekea ukutani akimlilia, kama ilivyo kwetu. Kwa hiyo jibu lake lisomwe hapa.

Uulkan anamdai. Kama neno la jioni lilikuwa lile analodhani, basi jibu lake ni ndiyo, amemsamehe, na aende mwepesi. Kama lilikuwa neno jingine, basi deni liko pale pale, na watalizungumza watakapokutana, wote wawili wameketi.

Mungu ampe mapumziko ya amani.